Wiki Mbili za Chai, Wiki Mbili za Kukaa

Baba yangu alifundisha kemia hapa Uriri mpaka akastaafu. Siku niliyomwambia nimechagua kusomea saikolojia aliniuliza kama kozi za sayansi zilikuwa zimejaa. Hakuwa anatania. Kwake sayansi ni kitu unachoweza kukimimina, kukipima na kukichoma, na mtu wa pili akifanya vilevile apate jibu lile lile. Mambo ya moyo wa mtu aliyatia kapu moja na ubashiri wa mechi za kandanda. Nilisoma, nikahitimu, nikapata kazi ya ushauri katika kituo cha afya upande wa Kosele, na kila nilipokuja nyumbani aliniuliza, "Wagonjwa wako wiki hii umewapima na nini, rula?"

Nilikuwa nikicheka. Mama alipofariki, mzaha huo uliacha kunichekesha.

Mwaka mzima baada ya mazishi baba alikuwa bado hajarudi hotelini. Hoteli yenyewe ni chumba kimoja cha mabati pale sokoni, ambako yeye na walimu wenzake wawili wastaafu walikunywa chai kila asubuhi saa nne na kubishana mpaka mwenye hoteli awaombe wapunguze sauti. Sasa alishinda kwenye kiti sebuleni, redio imezimwa. Mshipi wake alikuwa ameuongezea matundu mawili kwa msumari. Kutambua hali kama ile ndiyo kazi yangu, na niliogopa sana.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Ami zangu walisema aoe. Shangazi alisema kuna mila ya mazishi iliyorukwa, na hiyo ni chira, laana inayomkausha mtu taratibu. Mchungaji alisema aombe zaidi. Wote walimpenda, wala siwacheki. Lakini niliona kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeweza kukosea. Baba akiomba asipate nafuu, imani ilikuwa haba. Mila ikirudiwa na mambo yabaki vilevile, basi ipo nyingine iliyorukwa. Mimi nilitaka kusema jambo ambalo, kama ni uongo, lingeonekana ni uongo mchana kweupe.

"Baba," nikamwambia, "rudi hotelini kila siku, utake usitake. Hamu itakuja nyuma."

"Hamu ndiyo hutangulia. Nikisikia hamu nitaenda. Wewe unataka maji yachemke kwanza, ndipo tuwashe moto."

"Ndiyo. Tupime basi."

Neno hilo lilimfanya aketi wima. "Utapima na nini?"

"Nambari. Sifuri mpaka kumi, kila jioni, vile siku ilikuwa."

"Kumi ya nini, nyathina?" Huniita hivyo, mtoto wangu, hasa anapojiandaa kunibwaga. "Kipimajoto kina barafu upande huu na maji ya kuchemka upande ule. Barafu yako iko wapi?"

Lilikuwa swali halali. Nikamwambia achague mwenyewe. Sifuri, akasema, ni siku tuliyomzika mama yako. Kumi ni Jumapili ile mama alishikwa na kicheko katikati ya mahubiri, wakatoka nje wote wawili, wakaegemea ukuta wa kanisa kwa sababu miguu haikuwabeba. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Niliiandika kwenye daftari nikijikaza nionekane mtaalamu.

Bado hakuridhika. Watu hudanganya, alisema, asidi haidanganyi. Nikaona nimpe silaha mwenyewe. Nikamsimulia jinsi mimi na wenzangu wa kituo tulivyozunguka Kisegi, kando ya ziwa, na fomu za kuwauliza watu kuhusu huzuni, na karibu wavuvi wote wa omena, wale dagaa wa ziwani, wakaonekana wagonjwa. Fomu iliuliza kama mtu anakosa usingizi usiku, na omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Hakuna kati yetu aliyelifikiria jambo hilo, na wengi wetu tulizaliwa kando ya ziwa. Baba alicheka mpaka akajishika ubavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

"Kumbe chombo chenu ni kibovu!"

"Kilikuwa kibovu. Tulijua kwa sababu wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakipumzika, majibu yalibadilika, isipokuwa ya wachache. Hao wachache ndio waliohitaji msaada. Tukabadilisha swali. Kwani mizani ya maabara yako ilipokataa kurudi sifuri, ulisema kemia si sayansi?"

Akalivuta daftari langu kwake. Nakiri nilifurahi.

Masharti aliyaweka yeye. Wiki mbili za chai, wiki mbili za kukaa nyumbani, halafu turudie yote, kwa sababu mara moja inaweza kuwa bahati, au mvua. Utabiri wangu, kwamba nambari zingepanda wiki za chai na kushuka wiki za kukaa, niuandike kabla na kuufunga ndani ya bahasha, nisije nikaubadilisha. Nikifaulu, angekwenda kumwona mshauri mwenzangu wa Migori, ambaye baba alikuwa amekataa mara tatu kwenda kumwona. Nikishindwa, nisimletee tena maneno hayo. Nilikubali bila kusita, kisha usingizi ukanipaa. Ningeshindwa, ningebaki na nini cha kumpa?

Siku tano za kwanza za chai aliniletea mbili, mbili, moja, mbili, mbili, kwa ujumbe wa simu. Chini ya ile ya tano aliandika: "Hamu haijafika. Labda imekosa gari." Siku ya sita ilikuwa nne. Nikakaa nayo ofisini nikiitazama kama mtu aliyeona jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Kufikia mwisho wa wiki ya pili alikuwa kwenye sita, akilaumu hali ya hewa.

Kisha zikaja wiki za kukaa. Nne. Tatu. Tatu. Mbili. Nilipofika Jumamosi ya pili nilimkuta kwenye kile kiti, hajanyoa, chakula cha mchana kimefunikwa mezani.

"Inashuka vile ulisema," akaniambia. Alikuwa kama anasifu grafu ya mwanafunzi.

"Basi inatosha. Kesho urudi kwa wenzako."

"Ukikatiza hapa utabaki na hadithi tu."

"Afadhali nibaki na hadithi, nibaki na baba."

"Ooyo, hapana. Wewe ndiye umesema ni sayansi."

Nilitoka nikabamiza lango mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Nilikuwa na hasira naye, na hasira zaidi na nafsi yangu, kwa sababu utabiri wangu ulikuwa sahihi na sikutaka uwe sahihi. Hakuna aliyenifundisha chuoni kwamba ushahidi mzuri unaweza kuwa baba yako akikonda mbele yako. Alimaliza siku zote kumi na nne. Ukaidi huo, nadhani, ndio uliowafanya wanafunzi wake wafaulu.

Chai ikarudi, na nambari zikapanda, safari hii haraka zaidi. Tano, sita, siku moja saba. Kisha ikaja zamu ya mwisho ya kukaa. Siku ya tatu, Jumamosi, niliondoka Kosele mapema nikiwa nimemnunulia samaki, nimejiandaa kwa kiti kile na uso ule.

Mlango ulikuwa na kufuli. Nikabisha, nikazunguka nyuma, nikaita. Simu yake niliisikia ikilia ndani. Jirani alisema hajamwona tangu asubuhi. Mawazo yaliyonijia sitayaandika. Wanaofanya kazi kama yangu wanayajua. Nikashika njia ya sokoni karibu nikikimbia, nikiwauliza watu, samaki mkononi.

Sauti yake niliisikia kabla sijamwona. Alikuwa akimweleza mwalimu mstaafu wa historia, mmoja wa wale wenzake wawili wa chai, kwamba hajui hata maana ya neno ushahidi. Mwenye hoteli alikuwa amesimama kando yao na birika, akiwaomba wapunguze sauti.

Nilisimama mlangoni nikihema. Baba akaniona, akashusha macho kama mwanafunzi aliyekamatwa akinakili.

"Leo si ni siku ya kukaa nyumbani?" nikauliza, na machozi yakanitoka mbele ya wazee wote watatu.

"Nimeshindwa kukaa," akasema. "Nilianza kuvaa viatu kabla sijaamua."

"Umeharibu jaribio."

"Najua. Andika hivyo hivyo, usifiche." Akanivutia kiti, akamwashiria mwenye hoteli alete kikombe cha nne. "Huyo mwenzako wa Migori anafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Jumatatu saa moja na nusu nitakuwa mlangoni kwake," akasema, na kumgeukia mwalimu wa historia wamalize ubishi wao.