Baba yangu alivyokuwa akiosha lori la jeshi kwenye chemchemi ya Bukoto

Habari za jioni wakuu. Nimesoma humu watu wanalalamikia mito kuchafuliwa, nikaona na mimi niungame. Sitii chumvi, haya niliyaona kwa macho yangu nikiwa binti wa miaka kumi na moja.

Ni Kampala, miaka ile ya utawala wa jeshi. Tulikaa Bukoto, chini ya kilima cha Naguru. Mabomba yalikuwa yamekauka, mtaa mzima tunategemea chemchemi moja.

Sasa mchafuzi alikuwa nani? Baba yangu mzazi!

Alikuwa dereva wa jeshi. Kila Jumamosi anaingiza lori mpaka kwenye dimbwi tunapochota, anaosha. Mafuta yanaelea. Watoto wa majirani wakaanza kuumwa matumbo, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Enzi zile ukimkosoa mwanajeshi, umejitakia. Mimi nilikuwa naona aibu, nachota nimeinamisha kichwa.

Mama ndiye aliyechoka. Akampikia chai kwa maji yale yale.

Baba kupiga funda moja, akatema. "Chai gani hii? Iko na harufu ya dizeli!"

"Ni maji ya lori yako," mama akajibu, akaendelea kumenya matoke.

Nikajua leo tunapigwa wote. Wapi! Mzee aliweka kikombe chini, akatoka nje.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya mtaa, watu wanasafisha chemchemi. Baba akashuka na jembe. Tatizo, kavaa gwanda! Watu kumwona tu, mbio! Madebe yakabaki yanabiringika.

"Rudi! Mimi nakuja kulima tope tu!"

Nani asikie?

Akachimba mtaro wa kuondoa maji machafu peke yake, jasho linamtoka. Hatimaye akarudi Nnalongo, bibi mmoja mama wa mapacha. Akamtazama weee, kisha akasema, "Afande, umekosea. Maji inatokea huku."

Aisee, nikashika debe langu tayari kukimbia.

Baba akamjibu, "Ndiyo, mama," akahamisha jembe.

Nnalongo akawaita wengine kwa sauti, wakarudi mmoja mmoja. Lori halikukanyaga tena pale.

Nilichojifunza: anayechafua maji anaambilika, ila lazima apatikane wa kumwambia. Na mzee wangu namheshimu hadi kesho, si kwa gwanda, ni kwa ile "ndiyo, mama".

Kwenu je, nani aliwahi kumkosoa mkubwa kuhusu maji, na yeye akakubali? Shusheni, nasoma zote.