Siku Tuliyompeleka Chebet Kuona Sisibo

Majira ya mvua mtoto wangu Chebet aliugua kifua, akalala wiki nyingi hata nikawa naogopa kumfunua blanketi asubuhi. Siku moja akamsikia baba yake akisimulia habari za mji wa Eldoret, ambao sisi tuliuita Sisibo. Akauliza kama ni kweli huko kuna nyumba iliyojengwa juu ya nyumba nyingine. Baba yake, Kiprono, akamwambia, "Pona kwanza, nitakupeleka uone mwenyewe." Akapona. Tangu hapo hatukupumzika: kila jioni aliuliza safari ni lini.

Kiprono alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu karibu na Kaptagat. Bwana shamba alimpa ruhusa ya siku moja, akamwandikia barua ya kuwaonyesha askari njiani.

Alfajiri tuliteremka kwenda stesheni na watoto wetu wawili, Chebet wa miaka saba na mdogo wake Kibet wa minne. Umande ulikuwa baridi, nami nikamfunga Chebet shuka mbili. Tikiti zote pamoja na ile barua nilizifunga fundo kwenye pindo la leso yangu. Kwenye behewa la daraja la tatu watoto waligombania dirisha mpaka msitu ukaisha na mashamba ya ngano yakaanza.

Saa tatu hivi tulifika Eldoret. Barabara kuu ilikuwa pana ajabu. Kiprono alisema iliachwa hivyo ili mikokoteni ya ng'ombe iweze kugeuka. Kwenye veranda za maduka mafundi wa Kihindi walikuwa wakishona kwa cherehani. Kibet alimwona mwanamke wa mbao amevalishwa gauni ndani ya kioo cha duka, akamsalimia mara mbili. "Huyu mama ana maringo," akasema, akakasirika kweli. Tukaona nyumba ya ghorofa. Chebet aliitazama kwa muda, akauliza, "Wa juu wakimwaga maji, wa chini wanafanya nini?"

Mchana tulikula karibu na soko, kwenye hoteli ya chai ya Mama Nekesa, mama mmoja aliyetoka upande wa Kakamega. Aliona jinsi nilivyokuwa nikimfunika Chebet kila alipojifunua.

"Mama, huyu mtoto anaumwa?"

"Aliumwa kifua. Sasa amepona."

"Kama amepona, mbona unampika kwa shuka?"

Kiprono akacheka. Mimi sikucheka.

Saa tisa mvua ilianza, tukakimbilia stesheni. Gari moshi lilikuwa limesimama tayari. Nilipanda na Kibet nikashika nafasi. Chebet akataka maji, baba yake akampeleka kwenye bomba la mwisho wa stesheni. Hapo filimbi ikalia, na behewa likaanza kutembea.

Nilichungulia dirishani, sikuona mtu ila mvua. Nilimbeba Kibet nikaenda mlangoni niruke. Mzee mmoja alinishika mkono kwa nguvu.

"Wacha, Mama! Utaua huyo mtoto!"

"Mume wangu amebaki! Msichana wangu amebaki, na ni mgonjwa!"

"Kaa chini. Utashuka stesheni ya mbele."

Nilikaa. Fundo la leso lilikuwa mkononi mwangu: tikiti zao na barua ya ruhusa. Kiprono angesema nini kwa askari? Na Chebet angelala wapi na nguo mbichi? Njia nzima nilikuwa nikisikia kile kikohozi chake cha zamani masikioni, ingawa hakuwepo.

Stesheni iliyofuata niliruka kabla gari halijasimama vizuri, nikakimbia kando ya mabehewa nikiita. Kutoka behewa la mwisho kabisa, la gadi, yule msimamizi wa gari moshi mwenye kupunga bendera, kichwa kilichomoza.

"Mama! Sisi tuko kwa mzee wa bendera!"

Kiprono alishuka amelowa chapachapa. "Tulikimbia," akasema. "Nilikupungia mkono, hukuona."

Gadi, Mhindi mzee, alikuwa akitabasamu. "Mtoto yako kimbia mzuri sana. Yeye shika mkono yangu kwanza, baba nyuma. Sasa tikiti iko wapi?"

Nililivuta fundo, likakataa kufunguka. Chebet ndiye aliyelifungua kwa meno. Shuka zake hakuwa nazo tena, zilianguka kwenye reli. Niliweka sikio kifuani pake palepale mbele ya watu: moyo ulikuwa ukienda mbio, lakini pumzi ilipita safi, bila kukwaruza.

Tulifika Kaptagat kabla ya giza. Tangu siku hiyo, tukisafiri, kila mtu hushika tikiti yake. Usiku ule nilisikiliza sana. Chebet hakukohoa hata mara moja. Asubuhi nilimtuma kuni pamoja na watoto wengine, nami nikarudi ndani nikalala mpaka jua likawa juu.