Jumamosi Mwalimu Alipoita Rejista

Hii sijawahi kuisimulia mahali popote, hata kwa mama yangu mzazi, na nyinyi mkitaka kucheka chekeni polepole, kwa sababu mimi mwenyewe bado sijafika pale pa kucheka. Nilipata kazi ya maana, nikakaa nayo siku tano, ya sita nikaipoteza mbele ya watu wa kanisa langu nikiwa nimevaa sare ya kwaya. Aibu ya siku ile bado inaniamsha.

Mnanijua mimi ni mtu wa kufulia watu nguo. Miaka sita natoka Soweto West asubuhi, naenda kukaa kando ya barabara kule kwa matajiri na kina mama wenzangu, tunangoja mtu atoke kwenye geti aseme anataka wa kufua, siku nyingine unaitwa, siku nyingine unarudi nyumbani na mikono mikavu na watoto wanakuangalia mkoba. Kwa hivyo niliposikia kuna makao ya wazee huko Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, wanatafuta mhudumu, niliomba mpaka magoti yakauma. Na nikapata! Nikapewa barua, jamani, barua yenye jina langu lote, Rose Akoth, na msichana wangu Stacy akaibandika ukutani juu ya kitanda ili kila anayeingia aione (na wanaoingia kwangu ni majirani wa kuomba chumvi, lakini waliiona).

Siku ya intavyuu, metroni wa pale, Madam Wangari, aliniambia, "Utafanya siku sita. Ofu ni siku moja, nitakupa wikendi." Sasa mimi kichwani mwangu wikendi ya mtu mmoja ni Jumamosi. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa, nyanya yangu alibatizwa ziwani, na kwetu siku hiyo hata sufuria zinalala chafu. Sikuuliza, naye hakuuliza, kila mtu akaenda na wikendi yake. Jumatatu nafika, naona ratiba imebandikwa kwa mlango wa jikoni, jina langu limeanza Jumatatu likateremka mpaka Jumamosi, halafu Jumapili ndiyo imeandikwa OFU kwa kalamu nyekundu. Kabla sijafungua mdomo, Madam akaja nyuma yangu akanigusa bega.

"Rose, nimekupa Jumapili. Nilikuona tu nikajua wewe ni mtu wa kanisa, na hiyo siku hapa watu wanaipigania."

Na mimi, badala ya kusema sentensi moja fupi ambayo hata mtoto wa nasari angeisema, nikasema, "Asante sana, Madam. Mungu akubariki."

Hapo ndipo nilijichimbia shimo. Niliona aibu kumkatalia mtu zawadi siku ya kwanza, nikaogopa ataona nimekuja na masharti, nikajiambia nitamwambia kesho. Jumanne ikafika nikasema acha kwanza anizoee. Jumatano alikuwa na hasira za mambo yake. Alhamisi alinisifu mbele ya wenzangu kwamba nina mkono mzuri na wazee, sasa utaanzaje kumwambia mtu ametoka kukusifu kwamba ratiba yake imekushinda?

Na aliyefanya nisifiwe hivyo ni Mwalimu. Huyu alikuwa mzee mmoja aliyefundisha shule za msingi maisha yake yote, sasa akili inakuja na kwenda, siku nyingine anamuulizia mkewe ambaye alishakufa zamani. Walikuwa wameniambia ni msumbufu wa kula. Lakini Jumatatu hiyo nilimkuta ameshika daftari kuukuu, akaniangalia juu ya miwani akaniuliza jina, akaliandika, halafu akaita kwa sauti ya darasani, "Rose Akoth!" Sijui ni nini kilinijia, nikasimama wima na kikombe mkononi nikajibu, "Nipo, Mwalimu!" Akaweka alama, akanywa uji wote. Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi rejista kwanza, halafu uji. Nisipojibu, hali. Na niseme ukweli, nilimpenda yule mzee, na kuitwa jina langu lote kila asubuhi kuliniingia kwa moyo, kwa sababu kule kando ya barabara huwa naitwa "wewe mama wa kufua".

Ijumaa jioni ndio nikapata akili (akili gani!). Nyinyi mnajua kazi za kibarua sisi huwa tunashikiliana. Ukiwa mgonjwa, ukiwa na matanga, unatuma dada yako akushikilie, mwenye nguo hajali mkono ni wa nani mradi kola zitakate. Miaka sita nimefanya hivyo na hakuna siku nimeulizwa. Sikufikiria kabisa kwamba kazi yenye barua ni kitu kingine. Nikaenda mpaka mtaa wa Kongo kwa binamu yangu Lavender, ambaye si Msabato na hana kazi, nikamtolea aproni na beji yangu.

"Mama Stacy, na si uongee tu na huyo madam?" akaniuliza. "Shida iko wapi?"

"Nitaongea Jumatatu. Kesho nishikilie tu. Madam Jumamosi hakuji, na hao wa kesho wiki hii walikuwa zamu ya usiku, hawanijui, hatujawahi patana."

"Na hao wazee? Si wao wanakujua sura?"

Nikamwambia, "Wazee husahau, Lavender. Na hata wakisema, nani atawaamini?"

Hayo maneno niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu, na jua likiwa linazama kuikaribisha Sabato.

Kesho yake nikaenda kanisani na roho nyeupe kabisa. Tuliimba vizuri. Mwisho wa ibada, Mama Nyaboke, kiongozi wetu wa Dorkas (hao kina mama wa kutembelea wagonjwa na wahitaji), akasimama akatangaza kwamba mchana huu, badala ya mahali pale tulipopanga, tumepata nafasi ya kuwatembelea wazee, Kawangware, na kwaya itaenda yote. Kanisa lilisema amina. Nikajipa moyo kwamba makao ya wazee Kawangware si moja, nikaenda kumwambia Mama Nyaboke kichwa kinaniuma.

"Kichwa kitapoa tukianza kuimba," akasema. "Sauti ya kwanza bila wewe ni kelele."

Kanisani hakuna aliyejua mahali nimepata kazi. Nilikuwa nimewaficha, kwa sababu ningesema, swali la kwanza lingekuwa, na Jumamosi je? Kwa hivyo hakuna wa kuniokoa. Tulipokata kona nikaona geti la kijani, geti la kazini kwangu. Na mlangoni alikuwa amesimama nani? Madam Wangari, ambaye Jumamosi hakuji, lakini siku hiyo ndio alikuwa amefika sasa hivi, maalum kwa sababu kuna wageni, na wageni ni sisi.

Nikavuta kitambaa cha kichwa mpaka kwa nyusi, nikajificha nyuma ya Mama Nyaboke ambaye kwa bahati ana mwili. Madam akasalimia watu kwa haraka, uso umekunjana, akawaambia viongozi wamwie radhi, asubuhi haikuwa nzuri, kuna mzee amekataa kula tangu alipoamka, anatupa kikombe, anasema mhudumu wake ameibiwa, wamelazimika kumtoa kwa wenzake na kumfungia chumbani kidogo atulie. "Ni umri," akasema. "Anaona vitu."

Nikajua ni nani. Hapo ningeweza kutoka mbele niseme, na nawaapia mguu mmoja ulitoka. Halafu nikaurudisha.

Tukaingia ukumbini, tukapangwa, mimi nikasukumwa mbele kwa sababu ya hiyo sauti ya kwanza. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili tukiwa katikati, mlango wa nyuma ukafunguliwa, Mwalimu akaletwa kwa kiti cha magurudumu, walisema labda nyimbo zitamtuliza. Macho mekundu, shati limelowa uji. Aliangalia kwaya kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule kama mtu anahesabu wanafunzi. Alipofika kwangu akasimamisha macho, akanyoosha daftari lake juu, akaita kwa ile sauti.

"Rose Akoth!"

Wimbo ukakatika. Watu wa kanisa wote wakanigeukia, kwa sababu wao wanajua hilo ni jina langu. Madam naye akanigeukia, na kitambaa kilikuwa kimeshateleza.

"Rose Akoth!" akaita mara ya pili, na sasa alikuwa anatabasamu, maskini. "Niliwaambia! Si niliwaambia yule mwingine si Rose?"

Mama Nyaboke akaninong'oneza, "Unamjua huyu mzee?"

Na mimi, Msabato wa kuzaliwa, mbele ya ndugu na dada zangu katika Bwana, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Hapana. Labda mzee amechanganyikiwa."

Akaita mara ya tatu. Sikujibu. Lile tabasamu nililiona likiondoka, akashusha daftari magotini, akaanza kuwauliza walio karibu, kwani mimi ni mwendawazimu, nani aniambie, mimi ni mwendawazimu? Wakati huo huo Lavender anatokea jikoni na sinia la chai ya wageni, aproni yangu, beji yangu kifuani imeandikwa ROSE, ananiona, anasahau yote tuliyopanga, anasema, "Ai! Mama Stacy, na wewe umekuja kufanya nini huku?"

Sitawaeleza dakika kumi zilizofuata. Kuna aliyecheka, halafu akaacha. Mama Nyaboke alitazama chini.

Madam alituita mimi na Lavender ofisini. Nilitegemea kelele, sikupata kelele. Nilimweleza yote huku nalia, Sabato, ratiba, asante yangu ya Jumatatu. Nilipomaliza, akaniuliza kama nimeona daftari lililotundikwa kwa msumari chini ya ratiba. Nilikuwa nimeliona. Nilidhani ni la sukari na unga.

"Hilo ni la kubadilishana zamu," akasema. "Zuhura wa jikoni ofu yake ni Jumamosi, na amenisumbua mwezi mzima nimpe Jumapili, anapika pilau za harusi kwao Makina. Ungeandika jina lako tu, Rose. Laini moja."

Nikaanza kusema naomba nafasi nyingine, akainua mkono.

"Mambo ya siku ningekusamehe. Lakini yule mzee tumemfungia mlango kwa sababu alisema ukweli, na wewe ukasema amechanganyikiwa, akikuangalia. Sasa nikuwache naye vipi?"

Lavender aliweka beji mezani, tukatoka. Tulipofika Kongo ndio akasema, "Kumbe hiyo kazi ilikuwa poa hivyo," akaingia kwake. Nyumbani Stacy alikuwa ameshasikia, habari za kanisani zina mbio. Barua alikuwa ameitoa ukutani, akaiweka chini ya godoro bila kuniuliza lolote.

Nimerudi kando ya barabara. Lakini Jumapili moja nilipika uji, nikautia kwa chupa, nikaenda kama mgeni, na Madam akaniruhusu. Mwalimu alikuwa amekaa juani na daftari lake. Nikasimama mbele yake wima, nikangoja aniite, hakuniita, basi nikasema mwenyewe.

"Rose Akoth. Nipo, Mwalimu."

Akaniangalia kwa miwani muda mrefu, kwa adabu kabisa, kama unavyoangalia mzazi wa mtoto usiyemfundisha. Akafungua daftari, akateremsha kidole kwenye ukurasa mpaka akapata.

"Rose niliita mara tatu," akasema. "Nimemwekea hayupo."

Akafunga daftari. Uji hakuutaka. Siku hizi mtu akitoka kwenye geti akiniita, kabla hata sijauliza nguo ni ngapi namwambia Jumamosi sifanyi, na wengi huniacha wakachukua wa pembeni yangu, na mimi nakaa tu pale.