Siku Mama Moraa alipomwambia mtoto wake afungue mdomo mbele ya chifu

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini. Hii ni stori ya kwetu nyumbani. Sijaongeza chumvi, nimebadilisha majina tu.

Juzi nilisoma ule uzi wa wazazi walioshtakiwa kwa sababu ya kifo cha mtoto wao. Nikashuka kwenye comments. "Wanyongwe." "Wafungwe maisha." Mmoja akaandika kwamba watu kama hao si binadamu, akapewa likes kibao.

Kesi yao siijui na siwatetei. Lakini niliweka simu chini nikaenda kusimama jikoni kidogo, kwa sababu maneno hayo nilishayasikia zamani. Yalikuwa yanasemwa kuhusu mama yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi niko darasa la saba. Tuliishi juu kidogo ya Litein, shamba dogo la chai, ng'ombe wawili, mahindi nyuma ya nyumba. Nyumbani tulikuwa baba, mama, mimi, mdogo wangu Kipkirui, na Kibet, mtoto wa miezi minane.

Kibet ndiye nilikuwa nabeba mgongoni nikitoka shule. Alikuwa na tabia ya kunivuta sikio. Mpaka leo nikiguswa sikio nageuka haraka.

Sasa Kibet akaanza kuhara na kupata homa. Analia mchana wote, hataki kunyonya. Ufizi umevimba, una alama nyeupe.

Wale wa miaka hiyo mnajua ilikuwa inaitwaje. Meno ya plastic. Watu waliamini kwamba mtoto ameota meno mabaya ndani ya ufizi, na yasipotolewa atakufa. Ukweli ni kwamba hakuna meno ya plastic. Ni jino la kawaida ambalo bado halijatoka. Lakini nani alikuwa anatuambia?

Ng'ambo ya mto kulikuwa na mama mzee aliyekuwa akiyatoa kwa spoku ya baiskeli. Mimi na Kipkirui hatukuwahi kupelekwa kwake, kwa hiyo kwa mama ilikuwa mara ya kwanza. Walienda pamoja na baba. Baba ndiye alimshika Kibet miguu.

Siku ya tatu mtoto alikuwa wa moto kama sufuria. Wakakimbia naye hospitali. Daktari alifanya yote aliyoweza, lakini damu ilikuwa imeshaingia uchafu. Kibet alifia pale mchana, mama akiwa bado amefunga leso ya kumbebea.

Daktari aliona vidonda mdomoni, akaita polisi. Simlaumu. Leo nikiwa mzazi nasema asante kwamba kuna mtu aliuliza.

Tulimzika Kibet siku ya Alhamisi. Ijumaa Land Rover ikaja kuchukua baba na mama. Yule mama mzee alikuwa ameshatoroka, na hakuonekana tena upande wetu.

Kituoni mama aliulizwa swali moja mara nyingi sana: nani alikuelekeza kwa huyo mzee? Kila mara alijibu, "Nilienda mwenyewe." Shikeni hilo jibu, nitalirudia.

Tukabaki na kogo, yaani nyanya yetu, mzazi wa baba. Hapo ndipo nilijua watu.

Kwenye banda la kununua chai kila mtu humwaga majani yake mezani ayachambue kabla karani hajapima. Kogo akimwaga yetu, waliokuwa karibu wanakusanya yao na kusogea. Meza ndefu, na sisi wawili tuko mwisho peke yetu kama wagonjwa wa ukoma.

Kanisani wakaombea "watoto wanaozaliwa na wazazi wasio na huruma", na shingo zote zikageuka upande wetu. Siku ya kesi watu walienda Kericho kwa wingi kuliko walioenda mazishi. Mama aliposhushwa kwenye gari, mwanamke tuliyekuwa tukichota maji pamoja alimwita muuaji.

Na mimi pia nina langu la kuungama. Msichana mgeni shuleni aliniuliza kama wale walioshtakiwa ni wazazi wangu. Nikamwambia hapana, ni mjomba na mkewe tu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na bado naona aibu nikiandika.

Mahakamani baba na mama walikubali kosa. Hakimu akasema kabla ya kutoa hukumu anataka ripoti ya probation. Afisa aje nyumbani, aone watoto, aulize majirani kama wako tayari kuishi na hawa watu tena. Majirani wakikataa, ni jela. Kogo alielezwa hivyo na chifu, akakaa chini palepale kwenye nyasi.

Hebu fikiria. Maisha yetu yakawekwa mikononi mwa watu waliokuwa wakihamisha majani ya chai mezani.

Afisa alikuja siku ya kuchuna. Mama kijana, sweta ya kijani, faili mkononi. Chifu akaona kuliko kuita watu mara mbili, baraza lifanyike hapohapo kwenye banda la chai wakisubiri lori. Vikapu vimejaa, watu wamejaa, na watoto wengi maana shule zilikuwa zimefungwa.

Afisa akauliza kwa upole, "Hawa wazazi wakiachiliwa, mtaishi nao?"

Mzee mmoja, mtu wa heshima kanisani, akasimama. "Madam, sisi hapa ni watu ya Mungu. Mtu anaua mtoto yake halafu anarudi kuchuna chai na sisi? Hiyo maneno hatutaki."

Watu wakaguna kukubali. Kogo akanishika mkono, na nilihisi mifupa yake.

Hapo ndipo Mama Moraa akatua kikapu.

Mama Moraa alikuwa jirani yetu, Mkisii. Alichuna chai kwenye mashamba ya watu na kukodi nyumba kwa mzee wa boma la chini. Alikuwa ameishi hapo miaka kumi na moja, na bado watu walimwita "yule wa Kisii". Hakuwa mtu wa kuongea kwenye baraza. Aina ya mtu anayekaa nyuma na kusikiliza.

Akamwita mtoto wake Moraa, alikuwa wa miaka sita hivi. Akamsimamisha mbele ya afisa.

"Fungua mdomo."

Mtoto akafungua.

"Madam, tazama hapo chini. Chonge mbili haziko. Nilimpeleka mimi, kwa huyo huyo mama mzee wa ng'ambo ya mto, na hiyo hiyo spoku. Huyu yangu alipona. Angekufa, leo mimi ndio ningekuwa ndani na hawa watu wangekuwa wanasema hivi juu yangu. Andika na jina yangu. Kama ni kushika, mnishike pia."

Askari wa chifu alikuwa amesimama pale. Mama Moraa alimwona, lakini hakukaa.

Afisa hakuandika. Aliangalia tu mdomo wa yule mtoto kwa muda mrefu.

Kisha mwanamke mwingine akasukuma kijana wake mbele. Kijana akafungua mdomo. Pengo. Halafu mwingine, mwenye mapacha. Halafu yule aliyemwita mama muuaji kule Kericho, akija na binti yake huku analia.

Wa mwisho alikuwa mke wa yule mzee wa kanisa. Alimleta mjukuu wao mbele bila kumwangalia mumewe. Mzee akaanza kukagua viatu vyake.

Watoto kumi na mmoja walisimama pale midomo wazi. Wengine walikuwa wanacheka, walidhani ni mchezo.

Afisa akauliza tena swali lake. Safari hii chifu alilazimika kuwaambia waongee mmoja mmoja.

Baba na mama walipewa kifungo cha nje, miaka mitatu chini ya probation, na mama akaamriwa azungumze na akina mama siku za kliniki. Alizungumza hiyo miaka mitatu, na akaendelea miaka mingine mingi bila kulazimishwa na mtu. Kule kwetu hakuna mtoto mwingine aliyepelekwa kwenye spoku ninayemjua.

Asubuhi waliporudi tulikuta wanawake saba kwenye chai yetu, ambayo ilikuwa imerefuka ovyo. Hawakusema pole wala samahani. Walikuwa wanachuna tu. Mama akachukua kikapu akaingia mstari, na hakuna aliyesogea mbali naye.

Desemba iliyopita nilimtafuta Mama Moraa. Alisharudi kwao Kisii, amezeeka, magoti yanamsumbua. Nilimpelekea majani ya chai, sukari na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Nikamwambia nimekuja kusema asante, nimechelewa miaka mingi.

Alinitazama akaniambia, "Mama yako hakukuambia?"

Nikasema hapana.

"Mimi ndiye nilimwonyesha kwa yule mama wa spoku. Mimi. Na polisi walimuuliza, walimuuliza, na hakunitaja. Sasa siku ile ningekaa chini namna gani?"

Wakuu, nililia kwenye kiti cha watu.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama anachambua maharagwe. Nikamuuliza kwa nini hakumtaja Mama Moraa, na pengine ingempunguzia mzigo.

Hakuinua kichwa. "Kibet alilia siku nne," akasema. "Wote walikuwa wanasikia, na ni yeye peke yake alikuja kuniuliza mtoto ana nini."

Kisha akanisogezea sinia nisaidie.

Nilichojifunza ni kidogo. Sheria ifanye kazi yake, ilifanya kwetu na naishukuru. Ila kabla hujaandika "wanyongwe", kwanza tazama ndani ya mdomo wa mtoto wako.

Namshukuru Mama Moraa. Namshukuru mama. Hata yule mzee wa kanisa namshukuru, maana alikuja baadaye kuturekebishia ua bila kuombwa.

Uwanja ni wenu. Mwenye pengo kama la Moraa aseme tumjue, na mwenye kunikosoa akaribie, sing'ati.