Alama za Nekesa nilizipika mimi

Leo dada yangu Nekesa amenipokonya kalamu nyekundu ya kusahihishia.

Mnanijua. Nimefika Kampala, nimefika Mombasa. Shule niliacha darasa la sita kwa hiari yangu.

Nekesa anafanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari Alhamisi hii. Mazoezi yake niliyasahihisha mimi, kwa kitabu nilichonunua Malaba kwa Mhindi aliyefukuzwa Uganda. Majibu yamo kurasa za nyuma.

Mara ya kwanza alipata thelathini na nane kwa mia, akalia mpaka ugali ukapoa.

Nikaanza kumwongezea.

Hamsini na mbili. Sitini na saba. Themanini na moja. Soko zima la Busia nililitangazia.

Leo amempelekea dresa wa zahanati, yule mzee anayefunga vidonda, karatasi zake, apate sifa. Mzee akasahihisha upya. Hakuna iliyovuka arobaini.

"Nilikuwa nakutia moyo," nikamwambia.

"Kaka, ungesema ukweli ningekuwa na miezi mitatu ya kusoma. Sasa niko na siku tatu."

Semeni nyinyi, ningemwacha tu alie?

Jioni nimempelekea chai. Ameiangalia kwanza.

"Umeweka sukari kweli, ama unanitia moyo?"