Kuku wa Mkwe Wangu

Nakumbuka siku niliyosemwa na kuku. Usicheke, mwanangu, au cheka tu, maana hata mimi nikiikumbuka mbavu huniuma. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimevaa kaptula ya kaki niliyoinunua kwa kibarua cha bandarini. Miaka ile bandari ya Mtwara ilikuwa ndiyo inajengwa, na kila aliyebeba zege kule alirudi kijijini akijiona amemaliza elimu ya dunia. Nami nilikuwa mmoja wao.

Nilimuoa Somoe, binti wa kijiji kimoja kandokando ya mbuga za mpunga, kule Ruvuma inakokaribia bahari. Kwa mila yetu ya wakati ule, mwanamume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Unalala kibanda cha wageni, unalima shamba lao, unatazamwa. Mavuno yakiisha, mama mkwe na mjomba wa mkeo wanakaa. Wakiridhika, unaonyeshwa mahali pa kujenga. Wasiporidhika, unaambiwa ukunje mkeka urudi kwenu, na mke anabaki. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa fupi.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Mkwe hasemeshwi. Mama yake Somoe, Bi Mkwanda, akipita huku, mimi napita kule. Hanitazami usoni, simtazami usoni, na hakuna neno linalotoka kwangu kwenda kwake ila kwa mdomo wa mtu mwingine. Sasa yule mama alikuwa na maneno mengi, jamani! Angeyaweka wapi? Akayapeleka kwa kuku.

"Wewe tetea," utamsikia uani, mimi niko nyuma ya ukuta, "hebu niambie, jua limefika hapa na watu bado wamelala? Au bandarini jua huchelewa kutoka?" Kuku anadonoa zake pumba. Mimi huyo, mbio, natafuta jembe.

Kazi niliyopewa ilikuwa kutunza ndege. Kuku walikuwa kumi na tano hivi, na bata wawili tu, jike na dume, weusi wenye wekundu usoni. Mbegu ya bata wale aliileta marehemu kaka yake Bi Mkwanda kutoka ng'ambo ya mto, na kijiji kizima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mchana hawakufungiwa. Asubuhi umande ukikauka unawafungulia, kuku wanaparura chini ya mikorosho, bata unawasindikiza dimbwini na kuwakalia macho. Jioni unachimba mchwa kwenye kichuguu, unawamwagia, wanarudi wenyewe.

Siku moja nimewapeleka bata dimbwini, wakapita vijana. Nikaanza kuwasimulia winchi inavyonyanyua chuma kizito kama nyumba. Nilipofika kwenye utamu, maji yakapiga chubwi! Kenge huyo, na bata jike mdomoni. Nikarusha jembe, nikarusha kiatu, kenge kaishia mateteni. Dume lilibaki linazunguka peke yake, na mimi nimebaki na mguu mmoja mtupu.

Nililia, mwanangu. Wallahi nililia.

Bi Mkwanda hakusema na mtu wala na kuku siku mbili. Lakini Somoe akakuta kiota cha yule bata jike chini ya ghala, mayai saba, hajaanza hata kuyalalia. Akaniletea kwenye kanga. "Haya," akasema, "mbegu ya marehemu mjomba wangu ndiyo hii tu. Wakitoka, umepona. Wasipotoka, mimi sijui utamwambia nini mama."

Nikamtafuta tetea mkubwa aliyekuwa anataka kuatamia. Nikatengeneza kiota ndani ya kapu kuukuu, majivu chini kwa ajili ya utitiri, majani makavu juu. Nikapanga mayai saba ya bata. Kisha tamaa ikaniingia. Nikaona kifua cha yule kuku bado kina nafasi, nikaongeza na mayai sita ya kuku. Nikajisemea, siku moja watatoka wote, bata na vifaranga, na kijiji kitajua kwamba kijana wa bandarini ana akili.

Asubuhi yake namsikia Bi Mkwanda kwenye kapu. "Pole, tetea. Aliyekutwika mizigo miwili hakuuliza kila mzigo unashuka wapi."

Somoe akaniambia, "Mama ana neno. Nikakuulizie?"

"Uniulizie nini? Mimi nimejenga gati, nishindwe na mayai?"

Akanitazama, akaenda zake kutwanga. Angeweza kuniambia mwenyewe, lakini Somoe alikuwa binti wa mama yake, na mtu aliyekataa dawa hakumlazimisha kunywa.

Majuma matatu yakapita. Vifaranga sita wakatoka, wazima, wa manjano. Nilishangilia mpaka majirani wakaja. Nikasema bata nao watafuata kesho. Lakini adhuhuri yule tetea akasimama, akajikung'uta, akashuka na watoto wake kwenda kuparura. Nikamrudisha, akanidonoa mkono. Nikamrudisha tena, akanirukia usoni. Kwake yeye kazi ilikwisha. Vifaranga wake walikuwa wanalia njaa, na yale mawe saba ndani ya kapu hakuyajua.

Mayai yakaanza kupoa. Nikavua shati, nikayafunga, nikayaweka kwapani, nikaketi juani nikiwa nimebana mikono. Somoe aliponikuta hivyo alicheka mpaka akakaa chini. "Mume wangu," anasema huku anajifuta machozi, "utaatamia hivyo majuma mawili?"

"Mawili?"

"Kuku ni majuma matatu. Bata hawa ni matano. Hata mtoto wa hapa anajua."

Lo! Nilihisi mkeka wangu unajikunja wenyewe. Nikamwambia Somoe, nenda kwa mama. Akasema, "Nilitaka kwenda zamani, ukanikataza. Leo nenda mwenyewe." Akaondoka na mtungi wake kisimani.

Mficha uchi hazai. Nikayabeba mayai yangu saba, nikaenda nyuma ya nyumba. Bi Mkwanda alikuwa anamenya muhogo, na ubavuni pake kuku mwekundu amelala kwenye ungo. Nikasimama pembeni ya ukuta, nikampa mgongo kama mila inavyotaka. Nikapiga magoti. Nikamsemesha kuku.

"Shikamoo, kuku. Naomba umwambie mwenye nyumba kwamba mkwe wake ni mjinga. Alimpoteza bata kwa maneno mengi, sasa anawapoteza watoto wa bata kwa kukosa maneno mawili. Mwambie hajui la kufanya. Mwambie anaomba afundishwe."

 Halafu nikasikia kisu kinaanguka, kisha kicheko. Kicheko, mwanangu, cha mama mtu mzima, mpaka kuku wote uani wakakimbia. Alipopata pumzi akasema, "Kuku wewe, mwambie alete hayo mayai kabla hayajawa viza."

Nikayasogeza kinyumenyume. Akamnyanyua yule kuku mwekundu, na kwa pembe ya jicho nikaona chini yake mayai mawili tu, mabovu, yamechakaa. Baadaye Somoe aliniambia kwamba mama yake alikuwa amemlaza kuku juu ya viza kwa siku kumi, asiache kuatamia. Alijua tangu siku ile ya kwanza kwamba nitakwama, akaniwekea kuku, akangoja nije. Maneno yake yote yale makali, na huku ananichungia kiota!

Siku chache kabla ya wakati kutimia, akaweka maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, akalituma kwangu kwa Somoe na maagizo ya kupima yapi yana uhai. Nikayatumbukiza mayai taratibu. Mawili yakatulia. Matano yakatikisika juu ya maji, yanacheza ngoma. Nami nikacheza, uani, mbele za watu.

Wakatoka watano. Juma lililofuata wakamfuata mama yao mwekundu hadi dimbwini, na walipoyaona maji, chubwi, chubwi, wote ndani! Maskini kuku! Alikimbia ukingoni huku na huku, anapiga kelele, mbawa zimetanuka, anadhani watoto wanakufa. Kijiji kilisimama kikacheka. Bi Mkwanda naye alikuwapo, hatua chache kutoka kwangu, anacheka na kanga mdomoni, na katika kucheka huko akasahau mila.

"Mwanangu," akaniambia mimi, si kuku, "mkamate mama wa watu, atapasuka!"

Watu wakageukiana. Naye akashtuka. Lakini mjomba wa Somoe, yule aliyebaki hai, akasema neno lililotoka halirudi, na kwamba yeye alishachoka kuona kuku wanatumwa. Mavuno yalipoisha nikaonyeshwa mahali pa kujenga, karibu na lile dimbwi. Pale ndipo unaponiona mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kufuga, fuga. Waache ndege waparure, walale mapema, mchwa wapate, na jicho lako liwe dimbwini, si kwenye hadithi. Usichanganye mayai ya majuma matatu na ya matano, maana mshika mbili moja humponyoka. Na hilo si la mayai tu. Kila jambo lina siku zake chini ya kifua, na usipozijua, muulize anayezijua, hata kama itabidi upige magoti mbele ya kuku. Akikusema, msikilize mpaka mwisho. Huwezi kujua ana nini ndani ya ungo.

Mola akujaze uani na ndani. Akuepushe na kenge na mwewe na ugonjwa wa kideri. Akupe mke wa kukucheka ukikosea, na siku utakapokwama, ukute yuko mtu aliyekwisha kukuwekea kuku.