Randa Nyuma, Mama Mkwe Mbele

Karatu, mwanaume wa umri wangu akikuambia hajawahi kuendesha watalii, unamwuliza anaumwa nini. Mimi siumwi. Napenda tu kulala kwangu. Elimu yangu ya sekondari niliitumia kufungua banda la useremala nyuma ya jiko letu, na mke wangu huwaambia wageni kwamba mume wake huenda kazini na kandambili na kurudi kabla uji haujapoa.

Sasa fikiria: ili niendelee kukaa nyumbani, ilinibidi niende Wasso, ng'ambo ya kreta.

Kazi ilikuwa imepungua. Nilikuwa naranda mbao kwa mkono, na wateja walichoka kunisubiri, wakawa wanapeleka mbao zao kwa wenye mashine. Msimamizi mmoja wa ujenzi wa kambi za watalii alikuwa ananitaka niende naye porini, nifunge sakafu na milango ya mahema mpaka mvua zianze. Gari lake lilikuwa linaondoka kesho ya siku niliyopakia mashine, na alitaka jibu siku hiyo hiyo, kabla ya giza. Mashine yenyewe ilikuwa ya mzee mmoja seremala wa Wasso, aliyekuwa anaacha kazi akalime kwao Digodigo, na alikuwa anauza mashine yake ya randa. Hesabu ilikuwa rahisi. Mashine ikifika salama, nabaki kwangu. Isipofika, nafunga godoro.

Gari letu ni Noah, na kusema kweli ni la mke wangu. Alinipa ufunguo kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga kwa mlevi.

"Hili linabeba watoto na kwaya," alisema. "Likirudi limepinda, na wewe utarudi umepinda."

Niling'oa viti vyote vya nyuma, nikaacha kimoja cha katikati. Kiti hicho kilikuwa cha mama yake. Mama mkwe alikuwa Wasso kwa binti yake mwingine aliyejifungua, kazi ya kulea mzazi ilikuwa imekwisha, na nikaambiwa nirudi naye.

Hapo nieleze kidogo. Siku hizi kuna wanaocheka na wakwe zao kama marafiki wa shule. Kwa watu wa mke wangu bado. Mama mkwe simpi mkono, sili naye sahani moja, na sikai naye bega kwa bega. Nikimwona njiani, nasogea pembeni, nainamisha kichwa, naamkia, napita. Miaka yote ya ndoa yangu tulikuwa tumezungumza maneno ambayo yangeenea kwenye kiganja.

Wasso, vijana wa Kimasai ndio waliotupakilia. Walipitisha mirunda chini ya mashine, wakaiinua mabegani.

"Ng'ombe gani huyu?" mmoja aliuliza akihema.

"Anakula mbao," nikamjibu.

"Basi muuze mapema. Hatanenepa."

Walipoitua, Noah ilikaa chini nyuma kama mbuzi aliyegoma, pua ikatazama juu. Mama mkwe, ambaye ni mama wa mwili uliojaa, aliingia kwenye kiti chake cha katikati bila kusema neno. Mimi na kiti kitupu pembeni yangu tukaondoka.

Mpaka Piyaya nilikuwa najidanganya kwamba gari linayumba kwa sababu ya barabara mbaya. Tulipoingia tambarare nikaacha kujidanganya. Nilikuwa nazungusha usukani, gari linafikiria kwanza, ndipo linakubali. Kwenye kona moja ya vumbi laini halikukubali kabisa. Likaenda moja kwa moja mpaka kwenye nyasi, likasimama mbele ya punda milia ambao hawakuona sababu ya kukimbia.

Nilishuka. Mashine ilikuwa salama, kamba zimeshika. Tatizo lilionekana wazi: uzito wote uko nyuma, magurudumu ya mbele yanagusa ardhi kwa adabu tu. Na mlima wa kupandia kwenye ukingo wa kreta ulikuwa bado mbele yetu, na geti la kutokea upande wa Karatu linafungwa saa kumi na mbili. Nikaanza kutafuta mawe. Nilizunguka gari, nikaenda kulia, nikaenda kushoto. Tambarare ile ina nyasi, ina vumbi, ina mavi ya nyumbu ya kutosha kujenga nyumba. Mawe haina.

Mama mkwe alinitazama dirishani kwa muda.

"Baba, umeangusha nini?"

"Sijaangusha, mama. Natafuta mawe."

"Mawe ya nini?"

"Ya kuweka mbele. Gari ni jepesi mbele."

Nami nikainama tena, nikijifanya nimeona jiwe.

"Na mimi," akasema, "ni unyoya?"

Sikujua niangalie wapi. Niliwaangalia punda milia. Nyuma yangu nilisikia mlango ukifunguliwa, kisha mwingine, kisha Noah ikashusha pua kidogo. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameketi kiti cha mbele, mkanda amefunga, kiboksi cha visu vya mashine amekipakata.

"Twende," alisema. "Utalala huku na hao?"

Gari lilitii. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa. Nilijibana upande wangu mpaka kitasa cha mlango kikaniingia ubavuni, nikaendesha kwa bega moja. Kila baada ya muda nilitazama saa, nikatazama kioo nione mashine, nikatazama simu iliyokuwa kwenye kitrei kati yetu. Mtandao ulikuwa umekatika tangu Piyaya. Msimamizi pengine alikuwa ameshapiga mara kadhaa.

Mtandao ulirudi mahali pabaya kuliko pote. Tulikuwa tumeshapita Malanja tunaupanda mlima, gia ndogo, injini inalia, mikono yangu miwili imeng'ang'ania usukani. Simu ikaita.

"Nani?" mama mkwe aliuliza.

"Msimamizi wa kambi, mama. Anataka jibu kama naenda kwake. Acha tu, nitampigia tukifika juu."

"Mtu akipiga, anajibiwa."

Akaichukua. Alizungumza kwa sauti ambayo, hata kwa umbali ule, haikuhitaji simu.

"Halo! Si yeye, mimi ni mama mkwe wake. Anaendesha. Haji. Nimesema haji, ana mashine yake sasa. Tafuta mtu mwingine. Haya baba, wasalimie nyumbani."

Akairudisha kwenye kitrei, akaifuta kwanza na khanga.

Nilikanyaga mafuta mpaka kandambili ikataka kunivuka. Ndiyo, nilikuwa nimekwenda Wasso na kandambili.

"Mama," nikasema, "mashine bado haijafika."

"Naisikia. Iko nyuma yangu inaguna."

"Na isipofika?"

"Utakaa nyumbani bila kazi. Si ndicho unachopenda?"

Ukingoni kulikuwa na ukungu. Kreta ilikuwa kushoto kwetu, watu wanavuka bahari kuja kuitazama, na mimi nilitazama mstari wa barabara tu. Kisha mteremko. Niliogopa breki, niliogopa kamba, niliogopa saa. Kila kona mashine iliegemea na mbao za chini zikalia, na kila zilipolia mama mkwe alipeleka mkono nyuma kuielekea, kama mtu anavyomtuliza ng'ombe anayekamuliwa. Harufu ya breki ilipoingia ndani alifungua dirisha, akasema polepole, bila kunitazama, "Taratibu. Geti halina miguu." Saa moja kabla ya hapo nisingeamini kwamba sauti ile ingenituliza.

Askari wa geti alikuwa ameshika kizuizi tayari kufunga.

"Mmebeba nini mpaka taa zinamulika mbinguni?"

"Randa," nikasema.

"Na mama?"

"Mimi ni mawe," alijibu mama mkwe. Askari akamwangalia, akaniangalia mimi, akatupitisha.

Mke wangu alikuwa uani. Alimwona mama yake akishuka kiti cha mbele, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Usiniulize mimi," mama yake alimwambia. "Uliza gari lako."

Majirani waliishusha mashine. Kesho yake asubuhi fundi wa umeme aliiunganisha, nikapitisha ubao wa kwanza wa mkangazi. Ulitoka laini, nikaupapasa kwa shavu kama mjinga. Kabla ya mchana mteja mmoja alirudi, akiwa na mbao begani na aibu kidogo usoni. Nilikuwa nimebaki.

Mama mkwe alikuwa ndani, na mambo yalikuwa yamerudi kama zamani: sikumwona, hakuniona. Mke wangu ndiye aliyekuja bandani na ujumbe.

"Mama anasema hiyo kelele yako inamtetemesha meno. Anauliza lini unampeleka kwake Mbulu."

Nikazima mashine. "Keshokutwa," nikasema. "Mwambie nitarudishia viti vyote, achague."

Alikwenda, akarudi anacheka.

"Anasema atakaa nyuma. Safari hii nyuma ndiko kwepesi."